Waya wa Ubao Mpya

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako upesi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa mjini El Kef, na mwaka huu nimepewa kazi ya kuwafundisha wenzangu kutumia ubao wa kidijitali, wote wakaupokea isipokuwa mzee Ferjani wa hisabati, tunayemwita Si Ferjani kwa heshima, ambaye ndiye aliyenifundisha hata mimi, na juzi mkuu wa shule akamlazimisha autumie mbele ya mkaguzi, mzee wa watu akashika dasta akaanza kupangusa kioo, darasa zima likaangua kicheko, na msichana mmoja, Wided, akapaza sauti, "Si Ferjani, tukuletee na ndoo ya maji?" Kesho yake ubao ukakutwa umekatwa waya, na kwa kuwa Wided alionekana akirudi darasani kuchukua koti, Ijumaa anakaa mbele ya kamati ya nidhamu na watamfukuza, lakini mimi nilimwona Si Ferjani akitoka mle na koleo mkononi, nikamfuata, akaniambia, "Nejiba binti yangu, nakaribia kustaafu. Usinivue nguo mbele za watu." Nikanyamaza, na sasa mama yake Wided ananipigia simu akilia, nami namjibu kwamba sijui kitu. Nifanye nini?

Nejiba

Nejiba,

Ijumaa haingoji gazeti, ndiyo maana nilikupigia simu siku ileile. Niliyokuambia nayarudia hapa kwa ajili ya shule nyingine zinazofunga mbao hizo.

Nakuonea huruma, lakini usijidanganye: kunyamaza kwako si heshima. Mtoto anafukuzwa kwa kosa unalojua si lake! Nilikuambia uende kwa Si Ferjani asubuhi, umwambie, "Mwalimu, ama useme wewe, ama niseme mimi," kisha usimbembeleze.

Nanyi shuleni je, mlimfanyia nini? Kama ulivyonieleza kwa simu, mlimpa mafunzo ya mchana mmoja, mkamsimamisha mbele ya vijana waliozaliwa na simu mkononi, mkamwita na mkaguzi. Mtu hafundishwi kwa kuaibishwa. Keti naye peke yenu, mlango umefungwa, kwa somo lake mwenyewe. Aanze na jambo moja tu, kuchora grafu, mpaka alizoee. Ubao wa chaki uacheni ukutani. Mkaguzi aje siku mwalimu atakaposema yuko tayari.

Ijumaa jioni ulinipigia wewe. Ulikuwa umemwambia, na mbele ya kamati Si Ferjani alisimama kabla hata hajaitwa, akamgeukia Wided: "Nimekudhulumu, mwanangu." Wided akalia, akasema, "Na mimi nilikukosea, mwalimu." Msichana amerudi darasani, mzee amepewa onyo kali.

Sasa unaniuliza kama mzee ataweza kuingia tena darasa lile. Jumatatu fika mapema, umngoje getini, mwingie pamoja. Wakicheka, wewe usiwakaripie. Kaa nyuma, umwache awajibu mwenyewe. Bado ni mwalimu wao.