Boti ya Kijivu

Ujiji, Kigoma
Jumapili, baada ya alasiri

Baba yangu mpendwa,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi vizuri na goti halikusumbui kama ile wiki ya kwanza baada ya upasuaji. Dada Nasma ametuambia sasa unatembea mpaka barazani kwake bila mkongojo, tukafurahi sana. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama anakusalimu, na dagaa alizokukaushia anazo shangazi Fatu, mleta barua hii. Nimemwomba akukabidhi mkononi. Nawe nakuomba usipokee simu ya mtu yeyote wa Kibirizi kabla hujaimaliza.

Jumatatu nilikuwa Kibirizi tangu alfajiri, nikipiga video ya kikundi cha akina mama wanaoanika dagaa. Asubuhi hiyo injini ya Mzee Adolf ikaibiwa pale mwaloni, boti zinapoegeshwa. Mwenyekiti wa mwalo aliposikia kamera yangu ilikuwa ikirekodi saa hizo, alinijia na watu wake wakitaka kuona. Kweli, nyuma ya akina mama, kwa mbali, ilionekana boti ikisogea kwenye ya Mzee Adolf, watu wawili wakahamisha kitu wakakifunika turubai, wakaondoka. Sura hazikuonekana. Mwenyekiti alitaka kipande hicho palepale. Nikakihamishia kwenye simu, nikakibana kiwe chepesi, nikamrushia. Kabla sijafunga begi kilikuwa kimeshaenea kwenye makundi ya WhatsApp ya mwalo mzima.

Boti iliyoonekana ni ya kijivu, na Kibirizi mwenye boti ya kijivu ni mmoja tu, Gervasi, yule ambaye wazazi wake walitokea Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Walimkuta anakunja nyavu. Walimpiga, Baba, mbele ya mkewe, mpaka polisi walipofika wakamchukua. Wengine walisema watu wa ng'ambo ndivyo walivyo, ilhali Gervasi amezaliwa hapahapa. Yeye alililia jambo moja: watazame ubavu wa boti ile, kuna mstari, na boti yake haijawahi kuwa na mstari. Hakuna aliyetazama. Mimi nilitazama. Mstari ulikuwepo, hafifu sana.

Nilikimbilia ofisini kwangu Rusimbi. Kamera yangu hurekodi rangi nyingi kuliko simu zinavyoweza kusoma, na usipozigeuza kabla ya kubana video, kila kitu kinapauka; cheusi kinakuwa moshi na chekundu kinakuwa vumbi. Nalijua hilo, ila mwaloni walinisonga. Nikafungua video halisi kwenye kompyuta, nikageuza rangi, nikaibana, nikaituma kwenye simu. Bado imepauka. Macho yangu yalikuwa kwenye kanga za akina mama, maana ndizo nilizokumbuka rangi zake, nazo zilionekana kama zimefuliwa miaka kumi. Kumbe kompyuta ilikuwa inaitoa video na alama ya mpango uleule mpana wa rangi za kamera, kwa hiyo simu inasoma vibaya. Nikachagua mpango wa kawaida ambao simu zote zinausoma, nikaitoa tena. Kanga zikawaka, ziwa likawa buluu. Ndipo nikaikuza ile boti.

Ilikuwa ya kijani, Baba. Na mstari mwekundu ubavuni, unaopinda kwa mbele pale brashi ilipokuponyoka. Ni boti yetu. Na yule aliyeinama na turubai, kwa jezi yake ya njano, ni mwanao Abdulmajid.

Nilifunga kompyuta. Ningeiacha video kama ilivyo, hakuna ambaye angejua. Nilimwendea Abdulmajid kwanza, nikamwonyesha. Hakukana. Alisema mwenzake alimhakikishia injini ingevuka ng'ambo siku ileile. Kisha akaniuliza, "Sasa Yusra, wewe unataka nini? Huyo Gervasi watamweka kidogo, watamwachia." Nikamsihi twende wote polisi, aseme mwenyewe. Akaniambia nisubiri anywe maji, akatokea mlango wa uani. Nilisubiri mpaka adhuhuri, nikaenda peke yangu.

Polisi wameiona video, na nimeituma kwenye makundi yaleyale. Gervasi ameachiwa na mkono uliovunjika. Nilikwenda kumwomba radhi. Mkewe alinifungulia mlango, hakunikaribisha kuketi. Abdulmajid alikamatwa Kagunga akitafuta boti ya kumvusha Burundi. Injini imepatikana. Boti yako inashikiliwa na polisi.

Mama hakujua lolote, tafadhali usimlaumu. Alininyamazia kabisa, mpaka jana alipopika wali na kuku, akanipa nimpelekee mwanawe kituoni. Abdulmajid alipokea bila kunitazama, akala chote, akanirudishia vyombo. Nilipogeuka kuondoka akauliza kama Baba ameshajua. Nikamwambia bado, nitamwandikia mimi.

Sasa umejua. Ukiweza kuzungumza, nipigie. Hata kama ni kunigombeza, nitapokea. Yeye pia anasubiri neno lako, ingawa hakusema.

Msalimie sana dada Nasma na watoto. Mungu akurudishe kwetu ukitembea kwa miguu yako.

Binti yako,
Yusra