Vifungo vya blauzi

Mwenzangu, tumetoka sasa hivi kwa daktari wa fidia, yule anayepima walioumia kazini. Dada ametulia kama maji mtungini.

Unajua cherehani ya kiwandani ilivyomharibu mikono, vidole vimekufa ganzi, hata kijiko kinamponyoka. Basi daktari alipomaliza kumpima mabega akamwambia, "Haya mama, funga vifungo."

Dada akaona haya kukaa kifua wazi mbele ya mwanamume. Akang'ang'ana, jasho linamtoka, akavifunga vyote.

Vyote, mwenzangu.

Daktari akasema, "Mikono mizima hii. Kesho rudi kazini."

Nikamwambia, "Si umeona alivyoteseka?" Akajibu, "Lakini amevifunga."

Asiporudi, kazi hana. Akirudi, mikono hana.

Sasa ananiuliza, "Ulitaka nikae uchi?"