Mishale Mitatu ya Alpha

Chausiku, siamini. Ile kompyuta kongwe ya Alpha imewaka, na aliyeiwasha si mimi. Ni Burhani, yule mdogo wetu wa maabara!

Wiki tatu nimeipa amri ya kuwaka kama kitabu kinavyoagiza, nayo hunirudishia mishale yake mitatu tu, alama ya kungoja amri, >>>. Leo Burhani amekuja na chai mkononi: "Dada, umeiuliza ina diski gani?"

Umeiuliza! Mbele ya profesa wetu!

Akaagiza orodha ya vifaa. Kumbe diski ina jina jingine kabisa, si lile la kitabuni.

Basi profesa kasema yeye ndiye atakayeionyesha kwenye maonyesho ya kompyuta kule Pazhou. Nilipiga makofi kuliko wote.

Sasa ameniomba kamusi yangu ya istilahi za kuwashia mashine, aende nayo huko. Nimempa. Ukurasa wa mishale mitatu nimeuchomoa.