Nyumba ya Choo cha Ndani

Kaloleni, Nairobi
14 Januari 2023

Kwako Selpher, mama yangu,

Barua hii ikukute ukiwa na nguvu, wewe na watoto wa watu unaowafundisha. Mimi ni mzima upande mmoja, upande wa pili ni wa daktari. Masikio unayajua, niliyaacha kwenye karakana ya reli, na simu yako nikiipokea nasikia nzi tu. Kwa hiyo tuandikiane. Shitanda, yule kondakta wa basi la huko kwetu, atakuwa anabeba. Anapita Nabusasi kila wiki na si mtu wa kufungua barua za watu.

Daktari anasema moyo wangu umekuwa mkubwa. Nikamwambia moyo mkubwa ni sifa, akakataa kucheka. Ndipo nikajua mambo si mazuri.

Mama, nimezeeka ndani ya nyumba ya kanjo, ya kupanga kwa baraza la jiji. Sijawahi kugonga msumari kwenye ukuta nikasema huu ni wangu. Nataka unijengee pale kwenye shamba aliloniachia baba, kando ya boma la mdogo wangu Opicho. Najua nikifa mtanipeleka tu, hilo halinisumbui. Mimi nataka kulala humo nikiwa hai, hata usiku mmoja, hata kama mvua ikipiga bati sitaisikia.

Vyumba viwili vya mawe, na choo kiwe ndani. Hapo kwa choo sitaki mjadala. Tangu mama yako aniletee chai ya kwanza hapa Kaloleni, tumekwenda kwenye vyoo vya nje, ndoo mkononi, kwenye mvua na homa, tukisalimiana na majirani kwenye foleni. Nataka kwenda chooni nikiwa na soksi.

Wewe umebeba jina la mama yangu, na mama yangu hakushindwa na kitu.

Baba yako,
Patrobas

*

Nabusasi
30 Januari 2023

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi na watoto hatujambo, ni jua tu. Vipi miguu? Shitanda amesema alikuona ukitembea kwa kushika ukuta. Niambie ukweli, usinifiche.

Nilienda ofisi ya ujenzi ya kaunti. Nilidhani nitaomba ruhusa na kurudi. Karani akanipa kiti, na mtu wa serikali akikupa kiti ujue mnakaa. Wanataka ramani iliyochorwa na mtu mwenye leseni. Wanataka mpimaji aonyeshe mawe ya mpaka, na moja Baba mdogo Opicho alishalichukua la kunolea panga. Halafu kwa sababu ya choo cha ndani, wanataka mhandisi apime kama udongo wetu unanyonya maji, maana shamba linashuka hadi mtoni na maji machafu yasije yakafika kwenye mto. Bila ripoti ya udongo hakuna kibali.

Nikamuuliza, na hizi nyumba zote za udongo huku, nani alizipimia? Akasema hizo hazikuja ofisini.

Baba mdogo anacheka mpaka anakohoa. Anasema choo kinaingiaje ndani ya nyumba, na wageni watakula wapi. Lakini usijali, nimempata mhandisi, kijana Mkamba anaitwa Mativo, mpole sana. Atakuja kuchimba shimo la kupima.

Kunywa dawa.
Binti yako,
Selpher

*

Kaloleni
9 Februari 2023

Mama yangu,

Salamu nyingi kuliko nguvu za kuziandika. Miguu imevimba kidogo, usiwe na wasiwasi, viatu ndivyo vinavyolalamika.

Barua yako ilinichekesha. Hapa mtaani, vijana wakitaka chumba wanaweka mabati jioni, asubuhi kuna mpangaji na televisheni. Jirani yangu Kavata ameongeza jiko, akaongeza chumba cha binti yake, juzi ameongeza banda la kuku, na bado anasema anafikiria. Niliyekwenda ofisini ni mimi, na ndimi nisiye na nyumba. Ukiona mwiba umeingia kwa mtu mnyoofu, ujue ndiye aliyepita njiani.

Sawa, achimbe. Mwambie achimbe vizuri. Opicho mwambie arudishe jiwe la serikali, na kwamba wageni watakula sebuleni kama watu.

Nimeanza kufunga mizigo kidogo kidogo. Kavata ananitazama kama mtu aliyechanganyikiwa.

Baba yako,
Patrobas

*

Nabusasi
27 Machi 2023

Baba,

Shikamoo. Natumai umelala vizuri na kula vizuri. Huku tuko salama, wote tu wazima. Nakuomba barua hii uisome ukiwa umekaa.

Mhandisi Mativo alikuja. Alichimba shimo mahali tutakapoweka tangi la choo, akiwa na wasaidizi wake, refu kwenda chini, na kwa urefu wa kulala mtu, ili aingie aone matabaka ya udongo. Akamwaga maji, akasema liachwe wazi, atarudi kupima yameshuka kiasi gani. Kisha mvua ikakata barabara, gari lake likashindwa. Shimo likakaa.

Nilikuwa shuleni. Watu wakapita, wakaona shimo la namna ile, kama kaburi, kwenye shamba la mtu mgonjwa aliye Nairobi. Habari ikafika kwa Baba mdogo kabla hajaniuliza. Unajua kwetu, shimo la namna ile likichimbwa haliachwi bure. Akawaita wazee, wakakata mgomba, wakauzika. Waliomba, Baba. Wanawake walilia. Niliporudi nilikuta tuta la udongo na msalaba wa miti juu yake.

Nilimpigia Baba mdogo kelele, Mungu anisamehe. Akaniangalia na machozi yakimtoka, akasema, "We mtoto, shimo limefungua mdomo bomani kwa ndugu yangu na wewe unaniambia karatasi? Nimelilisha mgomba lisimle yeye." Alifanya kwa kukupenda.

Mativo aliporudi hakushuka hata kwenye gari. Wazee hawataki mtu aguse pale. Na pale pengine panapobaki ni kule chini karibu na mto, ambako sheria hairuhusu. Sijui nifanye nini, Baba. Kwa kweli sijui.

Selpher wako

*

Kaloleni
5 Aprili 2023

Mama yangu,

Nakusalimu mimi marehemu.

Nimecheka hadi Kavata akaja kuangalia kama nimeanguka. Nilipomweleza, akaniuliza kama walioomboleza walikuwa wengi. Kwa hiyo na mimi nakuuliza, walikuwa wengi? Opicho alisema maneno mazuri? Si kila mtu anapata nafasi ya kuuliza.

Usigombane naye. Nilipokuja kazi Nairobi, Opicho ndiye alibaki akamzika baba, akamzika mama, akazika kila mtu. Huyo mkono wake umezoea kufukia.

Sasa sikia. Choo tuache. Imeniuma kuandika hivyo, lakini tuache. Nijengee ya udongo, ya bati, choo kiwe nje kama cha watu wote. Nenda umwambie karani Mzee amenyoosha mikono. Nikifika hapo kwa miguu yangu, hata foleni nitapanga.

Ila fanya haraka kidogo. Sasa nalala nimekaa, nikilala chini pumzi inakataa.

Baba yako,
Patrobas

*

Nabusasi
29 Aprili 2023

Baba yangu,

Shikamoo, na pole sana kwa pumzi. Watoto wa darasa langu wamekuombea.

Mafundi walianza ya udongo Jumatatu. Walikuwa wamesimamisha nguzo, wakaja watu wa kaunti wakapaka alama nyekundu ya X kwenye kila nguzo. Karani amenieleza kwa upole, na upole wake unaniumiza kuliko angenifukuza. Kwa sababu faili lilishafunguliwa, shamba letu sasa linajulikana. Hapawezi kujengwa chochote hadi faili lifungwe. Kulifunga kunataka ripoti ya udongo, au kamati ikae iamue. Kamati ilikaa, wanachama hawakutosha. Itakaa tena mwezi ujao, wakitosha.

Naenda kila nikitoka shuleni. Askari wa mlangoni siku hizi ananiuliza habari zako.

Usije bado, Baba. Hakuna pa kukulaza, na kwa Baba mdogo najua hutaki.

Selpher wako

*

Kaloleni
9 Mei 2023

Mama,

Salamu. Naandika kidogo, mkono umechoka.

Kwa Opicho siwezi kulala. Mimi ni mkubwa wake, nitarudi vipi nyumbani niwe mgeni wa mdogo wangu? Lakini kungoja kamati nimeshindwa. Weka turubai katikati ya hizo nguzo zenye X. Kama wakiuliza, sema ni Mzee amekaa, hajengi.

Nakuja Ijumaa. Shitanda ameniwekea kiti cha mbele. Kavata ameninunulia soksi mpya, nimemwambia nilichozitakia hakipo tena, akasema nivae tu.

Naogopa, mama. Nakuambia wewe tu. Naogopa kutofika.

Baba yako

*

Nabusasi
3 Agosti 2023

Baba,

Sijui nikusalimu vipi, na kuanza bila salamu ulinikataza nikiwa mdogo. Shikamoo.

Ulikuja Ijumaa uliyosema, ila si kwenye kiti cha mbele. Shitanda alifuata nyuma ya gari lililobeba jeneza lako, basi lake likiwa na Kavata na watu wa Kaloleni tu. Soksi ulikuwa umevaa.

Usiku ule hukulala kwenye turubai. Baba mdogo alikusanya wanaume, wakasiliba zile nguzo na kuziezeka kwa siku moja, na X zikabaki ndani ya udongo. Wale wale watu wa kaunti walipita, wakaona kilio, mmoja akavua koti akashika bati. Kwenye msiba hakuna mtu anayeuliza kibali. Kwa hiyo ulilala kwako usiku mmoja. Mvua ilinyesha na mimi nilikaa karibu yako nikiisikiliza kwa niaba yako.

Kaburi Baba mdogo alilionyesha pale pale kwenye mgomba. Alisema shimo lenyewe lilikuwa limekataa mgomba, likakutaka wewe, na alisema akilia, na sikuwa na nguvu za kumbishia. Walipofukua, mgomba ulikuwa umechipua.

Walimaliza kuchimba, mvua kubwa ikaja mchana, kaburi likajaa maji mpaka watu wakanong'ona. Tukaingia kanisani kwa ibada. Tuliporudi lilikuwa kavu. Mativo alikuwepo, na suti yake ya maombolezo. Alichuchumaa ukingoni, akashika udongo, akausugua kwa vidole. Nikamuuliza nini. Nilipomlazimisha akasema, "Mwalimu, udongo huu unanyonya vizuri sana. Ungepita."

Aliandika ripoti bila mimi kumwomba. Kamati ilikaa, wakatosha. Jana nimeitwa ofisini. Kibali kimetoka, vyumba viwili vya mawe na choo ndani, na muhuri. Lakini karani hakunipa. Kimeandikwa kwa jina lako, na mwenye shamba anatakiwa afike mwenyewe na kitambulisho, atie sahihi mbele yake.

Nilikaa kwenye kile kiti chao nikamwambia ameshafika.

Binti yako,
Selpher