Jasusi wa Sura ya Saba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na umeanza kushuka ngazi bila kushikwa mkono. Sisi huku tu wazima, ingawa wifi yako anadai nimerogwa na kitabu.

Ni riwaya ya kijasusi niliyoazimwa na fundi saa jirani yetu. Nimeimaliza kwa siku mbili. Si kwamba yote ni nzuri. Shujaa wake anaruka maghorofa kama paka, anaua watu kumi na mmoja kwa bastola ya risasi sita, na bado anapata nafasi ya kupenda. Adui naye, badala ya kufyatua risasi, anaketi kumsimulia mipango yake yote. Nilicheka peke yangu mpaka wifi yako akaja kuchungulia.

Lakini sura ya saba, dada! Karani wa posta anafungua barua za watu kwa mvuke wa birika. Mwandishi anajua gundi inavyolegea, karatasi inavyovimba pembeni, mtu anavyobana pumzi asije akaichana. Anajua hata kwamba karani huyo akirudi nyumbani hawezi kuwatazama watu machoni. Nilijiuliza mwandishi alisimama wapi akaniona.

Ndiyo, dada. Miaka ile niliyokwambia napanga barua, nilikuwa chumba cha nyuma nikizifungua. Mkuu wetu alisema ni kazi ya usalama, na atakayeuliza maswali akatafute kazi kwingine. Nilikuwa na watoto wawili. Sikuuliza.

Barua zako kwa shemeji, alipokuwa masomoni ng'ambo, zilipita mikononi mwangu. Sikuripoti hata neno, lakini nilizisoma. Ulipomwandikia kwamba mimba imetoka na hutaki mtu mwingine ajue, nilijua kabla yake. Kesho yake nikabisha hodi kwako, nikasema nilikuwa napita tu. Nikapika, nikafua, nikakaa wiki nzima. Ukawaambia majirani kwamba mdogo wako ana moyo wa kuhisi. Sikuwa nimehisi kitu, dada. Nilikuwa nimesoma.

Miaka thelathini nimeshindwa kukwambia, na mtu asiyenijua kaiandika aibu yangu kana kwamba niliisimulia mwenyewe. Bado nimeduwaa. Ukinikasirikia, ni haki yako. Ila nijibu, hata kwa kunigombeza.

Wifi yako anakusalimu. Nibusie wajukuu.

Ni mimi, mdogo wako, ninayekuheshimu kuliko ninavyostahili kusema.