Tanuru Limepoa, Baba Mkwe Anaungua

Shangazi mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako maana sina pa kusemea. Kazi yangu ni kuzunguka viwanda vikubwa nikipima vinatumia kiasi gani cha uwezo wao, yaani mitambo ikiweza kutoa nondo tani mia na ikatoa hamsini, naandika nusu, basi juzi nikapangiwa kiwanda cha chuma anachofanyia kazi baba mkwe, nikaenda kwa furaha, meneja akaniambia kwa uso mkavu, "Tunatumia uwezo wote, dada," lakini kuingia ndani, kimya, umeme hakuna, tanuru limepoa mpaka buibui wametanda mdomoni mwake, na wanaume wamesimama kila mmoja mahali pake, kofia ngumu kichwani, glavu mkononi, wanainama, wanavuta, wanapokezana hewa tupu, hawasemezani, na baba mkwe katikati yao jasho linamchuruzika. Nikaita, "Baba!" Akajibu bila kugeuka, "Rudi nyuma, mama, utaungua." Nikajichekesha kwa woga, lakini jioni alipovua shati nyumbani nikaona mkono wake umejaa malengelenge ya moto, mabichi kabisa, na mume wangu anasema niandike alivyosema meneja, eti nikiandika sifuri kiwanda kitauzwa kama chuma chakavu na baba atakufa kwa kukosa kazi, na mimi kila nikishika kalamu naiweka tena chini, nifanyeje?

Mpimaji

Marahaba, mwanangu. Pole sana, ila nikugombeze kwanza: umeniandikia yote hayo na hujasema kama mzee amepelekwa hospitali! Kidonda ni kidonda, hata kama hujui moto umetoka wapi. Mpeleke leo, na mumeo aandamane nanyi badala ya kukaa akikufundisha uongo.

Kuhusu kipimo, uliona nondo hata moja ikitoka? Hukuona. Andika sifuri. Sifuri yako haitamuua mzee. Kinachommaliza ni mahali pale, na ukiandika "uwezo wote" umekubali waendelee kummaliza.

Kisha mkalishe, mkewe akiwepo, umwambie taratibu kwamba tanuru limezimwa. Akikukatalia, usibishane naye. Mfungieni mlango asubuhi mpaka azoee kubaki nyumbani.

Wewe usirudi mle kiwandani peke yako. Ukilazimika, nenda na mwenzako wa ofisini, na mkisikia king'ora cha kubadilishana zamu kikilia bila umeme, tokeni. Msingoje kuona ni kina nani wanaoingia.