Mkanda wa Kiondo

Landless, Thika
3 Machi 2024

Mwendwa mjukuu wangu,

U mzima? Huko Ruiru unakula chakula ama unakula simu? Mimi ni magoti tu, kwingine niko sawa.

Ulisema hilo ghala lako la mtandaoni ni la watu kuweka picha zisipotee simu ikiharibika. Dianah jirani amenionyesha kuweka. Basi barua hii nimeipiga picha, isomee huko huko.

Picha ya pili ni kiondo cha mama yangu. Mwaka wa themanini na nane kilipotea, nikasema mbele ya kanisa lote kwamba rafiki yangu Nzisa amekiiba. Akahama kwa aibu. Baada ya mwezi nikakipata nyuma ya gunia la makaa. Sikumtafuta. Nilikuwa na kiburi, na bado ninacho. Hayo ni yako peke yako.

Nyanya yako,
Syokau

Mugutha, Ruiru
9 Machi

Susu wangu,

Magoti yanasemaje, nyanya? Usikasirike. Ghala halina mlango, anayeingia anaona kila picha. Watu mia mbili wamesoma barua yako. Chini ya picha niliacha nafasi ya kuandika jina la picha tu. Sasa wanaandika humo pole, wanakusalimia, wanaulizana wanakaa wapi. Mzee Okello, ambaye huweka picha za mahindi yake, jana ameweka karatasi ya kumwomba kakake msamaha. Wengine wamemfuata. Nifute yako?

Mjukuu wako,
Mwendwa

Landless
10 Machi

Mwendwa,

Leo salamu sina. Futa. Miaka hamsini nimepita barabara hii kichwa juu, leo Nyawira wa mboga ananiuliza, "Syokau, na kiondo?" kisha anacheka. Ulisema umejenga stoo. Mbona watu wamevuta viti wakakaa?

Nyanya yako

Mugutha
16 Machi

Susu wangu,

Natumai unalala. Nilikuwa nafuta, ndipo ikaingia karatasi ya kalamu nyekundu. Nainakili:

"Syokau, nimekiona kiondo. Mkanda umekatika. Kushona hujui, hukuwahi kujua. Kilete. Nakaa Mugutha, nyuma ya kanisa. Nzisa."

Ni dakika kumi kutoka kwangu, Susu. Ghala lote linangoja utasema nini. Nifute?

Mjukuu wako

Mugutha
6 Aprili

Mwendwa mjukuu wangu,

U mzima? Sisi wazima. Nimekuja kwako nikakuta umeenda kazini. Barua hii anaandika Nzisa, ati mwandiko wangu ni wa kuku akichakura. Mimi nasema tu.

Wiki tatu nilikaa na hasira, hata Dianah akaacha kunisalimia. Leo nimebeba kiondo nikaja. Nzisa amefungua mlango akasema, "Umezeeka." Nikamwambia, "Na wewe ulibaki msichana?" Akaweka chai. Yale maneno ya kanisani nimeyafuta mbele ya macho yake, si kwa karatasi.

Usifute. Waambie hao watu waache kulia humo ndani. Na Okello asichoke kungoja kakake. Mimi nilichukua miaka thelathini na sita.

Hapa chini sasa naandika mwenyewe, Nzisa ameenda kuosha vikombe. Karatasi hii naipitisha chini ya mlango wako, na usiiweke ghalani. Mkanda ameushona nusu, akasema uzi umeisha, nirudi Jumamosi ijayo. Chini ya kiti chake nimeona kibonge kizima cha uzi.

Nitarudi Jumamosi.

Nyanya yako,
Syokau